Jinsi ya kumjenga mhusika wa kejeli na kuishi kwa kazi yake mjini Lubumbashi

Mwongozo huu ni kwa mchekeshaji wa Lubumbashi ambaye amekwisha kuzoea kuwachekesha watu harusini na kwenye video fupi za simu, na ambaye sasa anataka kuwa na mhusika mmoja wa kudumu, mwenye cheo chake, nguo zake, sauti yake na madai yake juu ya dunia. Kazi hiyo ina kanuni tofauti na ile ya mchekeshaji anayeshika kipaza sauti na kusimulia maisha yake mwenyewe. Msimuliaji anatualika tucheke pamoja naye, ilhali mhusika wa kejeli hajui kabisa kwamba anachekwa. Anaamini kuwa yuko mbele ya watu wanaomheshimu, na hukumu anaiachia hadhira bila kujua. Ukishindwa kuilinda imani yake hiyo, hata ukiwa na mizaha mia moja, utabaki na mtu aliyevaa koti kubwa anayepiga kelele.

Urithi wa Mufwankolo

Ni aibu kwa kijana wa hapa kuwatazama wachekeshaji wa Paris na Abidjan kabla ya kuwauliza wazee wa mtaani kwake habari za Mufwankolo. Odilon Kyembe Kaswili, ambaye wengi walimfahamu kwa jina hilo la jukwaani tu, alianza kuigiza enzi za ukoloni, mji ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, na kundi lake likaja kusikika redioni na kuonekana kwenye televisheni kwa miaka mingi, likitumia Kiswahili kile kile kinachosemwa mitaani Katuba na Kamalondo. Watu walijiona wenyewe: mfanyakazi anayejifanya tajiri siku ya mshahara, mume anayeficha fedha, jirani anayejua mambo ya kila nyumba isipokuwa yake.

Jambo la kujifunza kwanza ni namna walivyotunga. Hawakuandika maneno ya kukaririwa. Walikaa, wakajadili kisa hadi kila mmoja akakielewa, wakagawana nafasi, wakakubaliana kila tukio linaanzia wapi na linaishia wapi, kisha kila mwigizaji akayatafuta maneno yake akiwa amesimama. Nakushauri ufanye vivyo hivyo, kwa sababu mhusika aliyekariri maneno hufa pale tu mtu wa mstari wa mbele anapomjibu, na katika mji huu mtu wa mstari wa mbele hujibu kila mara.

Jambo la pili ni umbali. Mwaka 1986 kundi hilo lilifanya kazi pamoja na mwanaanthropolojia Johannes Fabian kuhusu msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, yaani hayagawanywi. Nchi ilikuwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, na Rais alikuwa Mobutu. Igizo walilolitunga lilihusu chifu wa kijiji na watu wake. Mtazamaji aliachiwa uhuru wa kuamua kijiji hicho ni kikubwa kiasi gani.

Tafuta dai kabla ya kutafuta sauti

Wachekeshaji wengi huanza na lafudhi: wanamwiga Mchina wa mgodini, au mtu wa Kinshasa aliyeshuka jana uwanja wa ndege wa Luano, au Mkasai. Kwa maoni yangu hakuna mwanzo mbaya kuliko huo, na hapa kwetu ubaya wake ni maradufu. Mji huu ulijengwa na watu waliotoka pande nyingi kufuata kazi ya shaba, na mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Mizaha ya lafudhi yao inaamsha mambo ambayo mchekeshaji wa miaka ishirini hakuyaona, lakini wazazi wa watazamaji wake waliyaona. Tena, hata ukiacha jambo hilo zito, lafudhi inachekesha kwa dakika mbili tu. Baada ya hapo watu wanataka kujua mtu huyu ni nani.

Basi anza na dai. Dai ni kile ambacho mhusika anataka kila mtu akiamini juu yake, na ambacho kila mtu anaona kuwa si kweli, au ni kweli nusu. Barry Humphries, Mwaustralia aliyezaliwa Melbourne mwaka 1934, alimpata mhusika wake Edna Everage ndani ya basi. Kundi lake la maigizo lilikuwa likizunguka miji midogo, na baada ya maonyesho akina mama wa mji waliwaandalia wageni chakula, na mmoja wao akasimama kutoa hotuba ya shukrani; safarini Humphries aliwaburudisha wenzake kwa kuziiga hotuba hizo. Edna alipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza, Desemba 1955, alikuwa mama wa nyumbani kutoka kitongoji cha Moonee Ponds, anayejitolea kumpokea kwake mwanamichezo wa Olimpiki ya mwaka uliofuata, na ambaye katika kueleza habari za nyumba yake alionyesha, bila kukusudia, kwamba anaiona kuwa kipimo cha ustaarabu. Hapakuwa na mzaha wowote zaidi ya huo, nao ulimlisha mtu kwa zaidi ya miaka sitini.

Hotuba za aina hiyo hazijapungua Lubumbashi. Chukua daftari uende harusini, kwenye matanga, kwenye mahafali, kwenye kikao cha wazazi, kwenye sherehe ya kuzindua kisima ambacho kitakauka kabla ya mvua. Usiandike vichekesho vya mtoa hotuba. Andika utangulizi wake: namna anavyotaja wakubwa kwa mpangilio, namna anavyosema kwamba itifaki yote imezingatiwa kisha akaanza kuizingatia upya kwa robo saa, namna anavyojitaja mwenyewe katikati ya majina ya wengine. Dai la mtu hujificha katika utangulizi.

Ili maelezo yangu yasielee hewani, nitatumia mfano mmoja niliombuni kwa ajili ya mafunzo haya. Tumwite Bwana Protokoli. Ndiye yule mtu ambaye hukosi kumwona penye turubai na viti vya plastiki. Hakuna anayejua nani alimteua, hana uhusiano na marehemu wala na bwana harusi, lakini ameshika karatasi ya majina na anawahamisha watu kutoka viti vya mbele. Maneno yake ni mamoja: “Kiti hiki kina mwenyewe.” Dai lake ni kwamba bila yeye shughuli ingevurugika. Chini ya dai hilo kuna tamaa ambayo hawezi kuikiri hata kwa mke wake: anatamani siku moja afike mahali akute kiti kimeandikwa jina lake.

Mhusika asiye na dai ni mpiga kelele, na asiye na tamaa iliyofichika ni adui tu. Hadhira itamchoka kwa sababu haina mahali pa kumhurumia. Pima kazi yako hivi. Watazamaji wakisema, “Huyu ni mheshimiwa fulani,” umemlenga mtu mmoja na umejitafutia matatizo. Wakisema, “Huyu ni mjomba wangu kabisa,” endelea.

Maleba, mwili na lugha

Juu ya nguo sina maneno mengi. Chagua kitu kimoja kinachosema na kingine kinachofanya kazi, halafu uache. Kwa Bwana Protokoli, koti lenye nembo ya kiwanda iliyoachwa kwenye mkono linasema yote kuhusu fedha zake na matumaini yake. Karatasi ya majina, iliyokunjwa hadi ikachakaa na kuunganishwa kwa gundi ya karatasi, inafanya kazi katika kila tukio. Kitambulisho kifuani kisicho na picha kinaruhusiwa. Pua ya bandia, wigi na tumbo la mito vinakatazwa, kwa kuwa vinaieleza hadhira mapema kwamba inapaswa kucheka.

Mwili unahitaji sheria moja ambayo mhusika haivunji. Bwana Protokoli haketi. Anazunguka viti mchana kutwa, anaviegemea, anavifuta kwa kiganja, anavihesabu, lakini haketi hata anapokula. Sahani ya bukari anaishika mkononi na kuimalizia amesimama nyuma ya turubai. Watazamaji hawatakuambia kwamba wameligundua jambo hilo, lakini baada ya maonyesho kadhaa watakuwa wanalisubiri, na siku atakayoketi itakuwa tukio ambalo unaweza kuliuza kwa tiketi.

Lugha ndiyo maleba ya ndani, na hapa mchekeshaji wa Lubumbashi ana utajiri ambao wenzake wa miji yenye lugha moja wanaukosa. Mpe mhusika wako Kifaransa cha sherehe anapoelekea mstari wa mbele, Kiswahili cha nyumbani anapokasirika, na Lingala, lugha ya askari, ya kubabaisha anapotokea mtu mwenye bunduki. Asitamke kamwe kwamba anaogopa. Mabadiliko ya lugha yatawaonyesha watu anamdharau nani na anamwogopa nani, nao watacheka kwa sababu wamewahi kufanya vivyo hivyo kwenye kizuizi cha barabara ya Kasumbalesa.

Tukio moja kwa karibu

Tuchukue matanga huko Ruashi. Nkambo wa marehemu ameketi mstari wa mbele, kwa sababu yeye ndiye aliyemzaa baba wa marehemu na kwa sababu miguu inamuuma. Bwana Protokoli anafika, anamwinamia, anampa pole kwa unyenyekevu ambao hauna hata chembe ya unafiki, kisha anamjulisha kwamba kiti hicho kina mwenyewe. Nkambo anauliza ni nani. Anajibiwa kwamba ni Mheshimiwa. Mheshimiwa yupi? Jina lake litatangazwa atakapofika. Atafika saa ngapi? Mheshimiwa hafiki saa, mama. Saa ndiyo inayofika alipo Mheshimiwa. Nkambo anasogea kiti cha pili, na kumbe nacho ni cha mlinzi wa Mheshimiwa. Anasogea cha tatu, ambacho ni cha mkoba wa Mheshimiwa.

Kufikia hapa watu wanacheka, na mchekeshaji mchanga ataendelea kuhesabu viti hadi cha kumi. Usifanye hivyo. Baada ya mara tatu, badili ukubwa wa kosa. Bwana Protokoli sasa anamsogelea mjane na, kwa sauti ya chini ya mtu anayeheshimu msiba, anaomba jeneza lisogezwe hatua mbili, maana limewekwa mahali gari la Mheshimiwa litakapogeukia. Mzaha huo hauhitaji sura ya kuchekesha wala sauti ya ajabu. Unahitaji mtu anayeamini kwa dhati kwamba ombi lake ni la kawaida. Ukionyesha kwamba unajua ni ombi la aibu, watu watakasirika, kwani utakuwa umemkosea marehemu. Ukiliomba kwa adabu kamili, watakuwa wamemwona kila mkubwa aliyewahi kuchelewesha mazishi ili watu wamwone akifika.

Kisha mvua inanyesha na watu wanakimbilia barazani. Bwana Protokoli peke yake anabaki uwanjani, ameshika mwavuli juu ya kiti kitupu. Simu inalia, tunamsikia akisema “ndiyo, shefu” mara kadhaa, kila moja ikiwa ndogo kuliko iliyotangulia. Mheshimiwa haji, ametuma bahasha. Wakati huo nkambo, ambaye hawezi kukimbia, amekwisha kuja na kuketi kwenye kile kiti chini ya ule mwavuli, na anamshukuru kijana kwa malezi mema. Kiti hakiwezi kukaliwa na mtu asiye na cheo mbele ya watu wote, kwa hiyo Bwana Protokoli anafanya jambo pekee lililobaki: anafungua karatasi na kumtangaza nkambo kuwa ndiye Mheshimiwa, kwa vyeo vyote vilivyoandikwa.

Angalia kwamba katika tukio zima hakumtukana mtu, wala hakusema lolote juu ya serikali. Adabu yake ndiyo kejeli yenyewe. Wala asiwepo mtu wa kutokea mwishoni kueleza funzo. Stephen Colbert, aliyeigiza mtangazaji wa mrengo wa kulia kwenye televisheni ya Marekani kuanzia 2005 hadi 2014, alitoka nje ya mhusika wake mara chache sana ndani ya kipindi, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba watazamaji wahafidhina walielekea kumwona kama mtu anayesema kweli huku akijifanya anatania. Wapo wanaoona kuwa huko ni kushindwa. Mimi naona ndiyo gharama ya kazi: mhusika mzuri atapendwa pia na wale anaowachora, na Bwana Protokoli wa kweli atakuja kukupongeza kwa kuwa hatimaye kuna mtu ameonyesha ugumu wa kazi yake.

Mahali pa kumjaribu

Usimzindue mhusika kwenye ukumbi mkubwa. Mpeleke kwanza mahali ambapo watu hawakuja kwa ajili yako, kama vile harusi ya jirani au baa ya komine ya Kenya kabla ya mechi ya Mazembe, ambako utajua baada ya dakika moja kama dai lake linaeleweka bila maelezo. Wanafunzi wa chuo kikuu ni hadhira nzuri lakini inadanganya, kwa kuwa wanacheka haraka na wanapenda maneno ya Kifaransa kuliko mama wa sokoni atakavyoyapenda. Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni wa Kifaransa katikati ya mji, ina taa, sauti na watu waliokaa kimya. Nenda huko ukiwa umekwisha kumjua mhusika wako, kwani ukimya wa ukumbi humtisha asiyejiandaa. Kuhusu kumbi nyingine, kuna jambo ambalo linamtosha mchekeshaji wa kejeli bila kuongezwa chumvi: Jengo la 30 Juin, lililojengwa katika miaka ya 1950 kuwa ukumbi wa maigizo wa mji, ndilo ambalo wabunge wa mkoa wamekuwa wakifanyia vikao vyao.

Jiandae kufanya kazi bila umeme. Mhusika anayetegemea kipaza sauti na muziki wa kuingilia atanyamaza siku umeme utakapokatika, ilhali anayetegemea dai lake atalilaumu giza kwa kutozingatia itifaki na kuendelea.

Kwa video, rekodi tukio moja kwa mpigo mmoja, bila kukatakata na bila sauti za vicheko kupachikwa. Simu iwe mbali kiasi cha kuonyesha watu wanaomzunguka mhusika, kwa maana nyuso zao ndizo zinazomfanya achekeshe.

Sheria na usalama

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, kisha inauwekea uhuru huo mipaka ya kuheshimu sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Mipaka hiyo ina meno. Kifungu cha 74 cha kitabu cha pili cha sheria ya jinai kinamwadhibu anayemhusisha mtu na jambo linaloharibu heshima yake. Agizo-sheria la Desemba 1963 linahusu kumkosea Rais. Na sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 imeongeza makosa yanayotendwa kwa mtandao. Ipo pia tume ya taifa inayochunguza nyimbo na maonyesho, ambayo Novemba 2021 ilipiga marufuku nyimbo zilizowakosoa watawala, ingawa mojawapo iliruhusiwa tena muda mfupi baadaye. Mtafute mwanasheria mmoja anayekupenda kisanii, umsomee kisa kabla ya kukitoa. Kikombe cha chai chake ni nafuu kuliko wakili wa baadaye.

Lakini kinga bora imo ndani ya utunzi. Mamane wa Niger, ambaye wengi hapa wamemsikia kwenye RFI, alibuni nchi ya Gondwana, jamhuri yenye demokrasia sana sana inayoongozwa na Rais Mwasisi, na kwa njia hiyo amezisema nchi nyingi bila kuitaja hata moja. Wakati wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, Pieter-Dirk Uys, mwanamume aliyezaliwa Cape Town mwaka 1945, alimleta jukwaani Evita Bezuidenhout, bibi wa Kikaburu aliyejivunia kuwa balozi katika Bapetikosweti, eneo la Weusi ambalo halikuwepo kwenye ramani yoyote ingawa yaliyofanana nalo yalikuwepo. Evita aliutetea utawala kwa upendo na kwa adabu, na utetezi huo ulikuwa mbaya kwa utawala kuliko matusi. Baada ya mabadiliko ya 1994 alimhoji Nelson Mandela kwenye televisheni, naye Mandela akashiriki mchezo kwa furaha.

Kwa hiyo mpe mhusika wako komine ambayo haipo na wizara ambayo haijawahi kuundwa. Bwana Protokoli anaweza kuwa mwajiriwa wa Kurugenzi ya Viti. Usitumie jina la mtu aliye hai, usiige sauti ya mtu mmoja mashuhuri, usivae sare za polisi au za jeshi hata za bandia. Na usimfanye mhusika asome habari zinazofanana na habari za kweli, kwa sababu kipande cha sekunde ishirini kitakatwa, kitasambazwa na wasiokujua, na watu wataamini.

Kuna hatari nyingine inayosahaulika, nayo ni maandishi. Mwaka 2003 safu ya ushauri iliyotolewa kwa jina la Dame Edna, yule Edna wa Humphries, katika jarida la Marekani la Vanity Fair iliwadharau wasemaji wa Kihispania, na malalamiko yakawa makubwa hata jarida likaomba radhi. Jukwaani watu wangemwona bibi anayejidanganya. Kwenye karatasi waliona dharau iliyochapishwa. Mhusika wako asiandike kwenye ukurasa wa Facebook kwa nafsi yake bila picha wala sauti, hasa juu ya makabila, dini na vita vya mashariki.

Ukimwingiza mtu wa kweli katika mchezo

Watazamaji hupenda mhusika anapokutana na mpita njia asiyejua kwamba ni mchezo, na mtindo huo una jina kubwa tangu Sacha Baron Cohen alipotoa filamu ya Borat mwaka 2006. Kumbuka lakini kilichotokea Glod, kijiji maskini cha Romania kilichotumiwa kama Kazakhstan: wanakijiji walisema hawakujua watakavyoonyeshwa, na baadhi yao wakafungua kesi. Kanuni yangu ni kwamba mtu wa kweli anayekutana na mhusika wako ama awe na nguvu kuliko wewe, ama aonekane mwerevu kuliko mhusika. Mama anayeuza mkaa Kasapa asiwe kichekesho. Amshinde Bwana Protokoli kwa jibu moja, na kabla ya kurusha video mwonyeshe, umwombe ruhusa mbele ya shahidi na umlipe kwa muda wake.

Fedha

Mwanzoni mhusika hatakulisha. Wengi wanaishi kwa kuongoza sherehe, na mhusika anapofahamika watu watataka aje yeye, jambo ambalo ni zuri mradi useme mapema kama anakuja kuongoza shughuli nzima au kuivuruga kwa dakika kumi na tano. Hizo ni kazi mbili zenye bei mbili. Dai nusu ya malipo kabla ya siku yenyewe, kwa M-Pesa au Airtel Money ili ushahidi ubaki, na mwandikiane kama ni dola au faranga na kwa kiwango gani cha kubadilisha. Andika tarehe, muda na nani analipa usafiri. Sajili kazi zako SOCODA, chama cha haki za waandishi na wasanii, na kabla ya hapo weka nakala zenye tarehe za kila kisa, kwani jina la mhusika likianza kupendwa atatokea mwingine mwenye koti kama lako.

Makampuni ya simu na ya bia yatakuja. Kubali tangazo ambalo mhusika anaweza kulifanya vibaya kwa ujinga wake mwenyewe, na weka katika mkataba kwamba maneno yake yanatungwa na wewe. Kataa lile ambalo linamtaka awe mtu mwenye akili anayesifu bidhaa, kwa kuwa litamuua kwa bei ya mwezi mmoja. Wakati wa uchaguzi kataa wagombea wote, hata yule unayempigia kura. Najua ni rahisi kuandika hivyo na ni vigumu kulipa kodi ya nyumba. Hata hivyo, aliyepanda jukwaa la mgombea kwa koti la mhusika hawezi tena kumchora mtu yeyote bila kuulizwa amelipwa na nani.

Kumzeesha mhusika

Kinachomfanya mhusika adumu ni kupanda cheo pamoja na nchi yake. Edna hakubaki mama wa nyumbani: katika filamu ya mwaka 1974 Waziri Mkuu wa kweli wa Australia, Gough Whitlam, alimpa cheo cha heshima cha Dame, na tangu hapo akawa mtu mashuhuri anayewahurumia watazamaji wake kwa umaskini wao. Kejeli iliyoanza kwa kitongoji ikageukia umashuhuri wenyewe, kwa sababu dunia ilikuwa imegeukia huko. Njia haikuwa fupi. Humphries alishindwa London mwanzoni mwa miaka ya 1960, akapendwa huko mwaka 1976, akashindwa New York mwaka uliofuata, na akarudi kupokea tuzo maalumu ya Tony, tuzo ya maigizo ya Marekani, mwaka 2000. Alifariki Aprili 2023 akiwa na umri wa miaka 89, na katika miaka yake ya mwisho maneno aliyoyasema kwa nafsi yake kuhusu watu waliobadili jinsia yalisababisha tamasha la vichekesho la Melbourne liondoe jina lake kwenye tuzo lake kuu. Maneno hayo yalikuwa yake mwenyewe. Hakuwa na Edna wa kumkinga. Mwigizaji anapohojiwa bila koti, na aseme machache.

Kwa Bwana Protokoli, panga vyeo vyake kabla hujavihitaji. Anaweza kuwa mshauri wa mshauri, kisha mkurugenzi aliyepewa ofisi isiyo na kiti, kisha mgombea. Kila cheo kibadilishe anachokidai na kiiache tamaa yake palepale.

Na kabla hajachosha, mtengeneze wa pili. Humphries alikuwa na Les Patterson, mlevi aliyejiita mwambata wa utamaduni, na Sandy Stone, mzee mpole wa mjini, hivyo Edna alipata nafasi ya kupumzika. Wa pili asiwe nakala ya wa kwanza, na ni vyema awe amekwisha kutajwa au kuonekana pembeni katika visa vya awali ili hadhira impokee kama mtu inayemfahamu. Katika mfano wetu sihitaji kumtafuta mbali: ni nkambo wa Ruashi, ambaye tangu siku ile anahudhuria kila matanga ya komine akiwa Mheshimiwa, na ambaye sasa anataka kujua gari lake liko wapi.